Chapati za Dirishani

Mzee wangu, baba wa wanangu, alirudi kutoka hospitali amebaki mifupa na maneno. Walimpasua tumbo, wakatoa kilichokuwa kinamsumbua, wakamshona vizuri, lakini mshono wenyewe ulikataa kufunga. Juu ulishika, chini ukabaki wazi. Nesi wa zahanati alikuwa anakuja kumsafisha hapa nyumbani, Uyole, na siku moja alipomaliza alinivuta mpaka nje kwenye karo la kufulia.

"Bibi," akasema, "dawa ya kuosha ninayo. Nyama ya kuziba pale mimi sina. Hiyo inatoka kwenye sahani. Mayai, maharage, maziwa, samaki. Protini. Asipokula hivyo, kidonda hiki kitatushinda."

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne na hapo sikumaliza, lakini neno hilo nililielewa. Mtu anajengwa na anachokula, hata ng'ombe ni hivyo. Shida ni kwamba mzee alikuwa hali. Samaki alisema ananuka. Maharage yalimjaza tumbo upepo na upepo ukamvuta mshono. Mtindi, ambao alikunywa tangu utotoni kule Rungwe kama watu wengine wanavyokunywa maji, sasa akiuona anageukia ukutani. Uji wa lishe nilimpelekea mara moja tu. Aliuangalia, akaniuliza kama mtoto wa jirani amekuja kunyonya.

Alichokitaka ni kimoja: chai na chapati za maji. Zile nyembamba, za unga mweupe na sukari. Nilimpikia. Akala mbili, akalala. Lakini unga mweupe na sukari havikuwa vinajenga kitu. Kila nesi akifungua kitambaa, kidonda kilikuwa kilekile, na mapaja ya mzee yanazidi kupungua. Usiku nilimshika mkono nikaona pete yangu ingemtosha.

Sasa nieleze habari ya mkwe wangu, maana bila yeye hakuna cha kueleza.

Sisi Wanyakyusa tuna jambo letu. Mke wa mwanao hakuoni, na wewe baba mkwe humwoni. Si kwamba mnachukiana. Ni heshima. Akisikia unakuja, anapita njia nyingine. Ukijua yuko jikoni, hupiti jikoni. Siku hizi wengi wameacha, hasa hawa wa mjini, utakuta baba mkwe na mkwe wamekaa kochi moja wanaangalia televisheni. Mzee wangu hajaacha. Na mimi sikuwahi kumwambia aache.

Mkwe wangu ni Mhehe, katoka Igowole. Mwanangu wa mwisho alimkuta huko alipokuwa anabeba mbao, akamleta. Kwao wana heshima zao, ila si hii. Wiki ya kwanza alichukua jagi la maji na beseni, akaingia sebuleni alipokaa mzee, akapiga magoti, akamsalimia kikwao, "Kamwene, baba." Mzee aliinuka kama aliyekalia siafu. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kukaa migombani mpaka jua likazama. Msichana wa watu alilia, akidhani labda ananuka. Nikamkalisha, nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Sasa mama, nitajuaje kama anakuja?"

Nikamwambia, "Atakohoa."

Ndivyo ilivyokuwa. Mzee kabla hajatoka chumbani alikohoa. Kikohozi kikavu, kikubwa, ambacho hata kuku walikijua. Mkwe akikisikia aliacha alichoshika, akapotea. Miaka yote hiyo wameishi boma moja, wanasikiana nyayo, hawajaonana uso tena tangu ile siku ya jagi. Mwanangu anaendesha lori la mpunga la Chimala, nyumbani anafika akipata nafasi. Kwa hiyo tulikuwa watu watatu ndani ya uzio mmoja, na wawili hawaonani.

Mzee alipougua, kikohozi kiliisha. Ukishonwa tumbo huwezi kukohoa, unahisi linachanika. Na kwa vile hakuweza kuinuka, mkwe alianza kupita popote. Alifagia mpaka mbele. Alianika nguo upande wa barabara. Siku moja nikamkuta ameegemea mlango wa mbele, amekunja mikono, hafanyi kitu. Akanambia kwa sauti ndogo kwamba anaona aibu, maana nyumba imekuwa kubwa kwake na sababu yake ni ugonjwa wa baba. Nikamwambia aache aibu, achukue ufagio.

Nesi aliporudia habari ya protini, nilikwenda sokoni nikanunua unga wa soya uliokwisha kusagwa. Nikachanganya na ngano nusu kwa nusu, nikavunja mayai, nikapika. Kumbe ule unga ulisagwa soya mbichi, haikuchemshwa wala kukaangwa. Chapati zilinuka majani ya maharage. Mzee akamega, akatafuna, akashusha mkono.

"Hii ni chapati," akauliza, "au ndiyo mmeanza kunifuga?"

Nilitoka na sahani nimenuna. Mkwe alikuwa anaosha vyombo. Akachukua kipande, akakionja, akakitema pembeni kwa adabu.

"Soya ina vita, mama," akasema. "Lazima uitoe hasira kwanza."

Kwao Igowole mama yake alikuwa anapika hivyo kwa watoto wadogo. Alinionyesha. Soya unailoweka mpaka inavimba, unaisugua ndani ya maji, maganda yanaelea unayamwaga. Kisha unaichemsha sana. Unaianika mpaka ikauke kabisa, na hapa kwetu kwenye ukungu kukauka ni kazi, ilibidi tuihamishe na jua kama tunachunga mbuzi. Kisha unaikaanga moto mdogo mpaka inukie kama karanga. Hapo ndipo unaipeleka mashine. Mwenye mashine alinung'unika kuwa soya inamgandia, nikamwambia asage, manung'uniko yake nitayalipia kwa kilo.

Kuchanganya kulikuwa na mambo yake. Unga wa ngano kidogo, wa soya kidogo kuzidi hapo, mayai ya kienyeji, na mtindi ule ule aliokuwa anaukataa. Ndani ya chapati hakuujua. Badala ya sukari, ndizi mbivu mbivu za kwetu, zile ambazo ganda limeshakuwa jeusi, unaziponda. Iliki alitushauri mama mmoja wa dukani, mtu wa asili ya pwani, akasema iliki inasitiri makosa mengi. Rojo lazima lipumzike. Ukilikoroga na kupika papo hapo utadhani liko sawa, ukirudi utakuta soya imekunywa maji yote, imekuwa tope. Linapumzika, unaongeza maji, unapika moto mdogo. Ukiharakisha, nje inaungua na ndani mbichi. Usigeuze mpaka vitundu vya juu vimekauka. Mkwe alijua haya yote kwa macho. Mimi mkono wangu ni wa ugali na ndizi, nikaona bora yeye apike, mimi nipeleke.

Zilitoka nzuri. Nilikula ya kwanza nimesimama. Laini, nzito kidogo, na tumboni inakaa.

Mzee hakuzila.

Nilishangaa, nikaonja iliyobaki kwenye sahani yake. Ilikuwa ngumu kama soli. Chapati ya ngano tupu ikipoa inavumilika. Hii yenye mayai na soya ikipoa inakuwa kiatu. Na ilikuwa lazima ipoe, maana jiko letu liko nyuma kabisa, karibu na banda la kuku, na mimi magoti yangu yana mvua zake. Kutoka jikoni, kuvuka uani, kupanda ngazi za nyuma moja moja, kupita sebuleni, mpaka nimfikie mzee, chapati ilishakufa. Nilijaribu kufunika. Ikatoa jasho, ikawa kama kitambaa kilicholowa. Nilijaribu kupika mwenyewe kwenye jiko la mkaa sebuleni, moshi ukamkohoza, akashika tumbo machozi yakamtoka. Nikalitoa jiko mbio.

Nesi alikuja, akafungua kitambaa, akatikisa kichwa, akafunga.

Mkwe alikuwa nyuma ya mlango wa uani, amemwona nesi akiondoka. Akanifuata kwenye karo.

"Mama," akasema, "dirisha la baba linatazama huku nyuma."

"Najua linakotazama. Niliijenga hii nyumba."

"Nikiweka jiko chini ya dirisha. Pazia lishushwe. Mimi nipike chini, nimpe ikiwa ya moto."

Nikamwangalia. Hakuinamisha macho, na yeye ni mtu wa kuinamisha macho.

"Utampaje?"

"Kwa mkono tu."

Nilikaa nikafikiri. Nilimfikiria mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, ambaye mimi nilipita vichakani miaka mingi kwa ajili ya mumewe. Nyoka aliniuma kwenye kichaka hicho na sikupiga kelele, maana baba mkwe alikuwa njiani. Angesema nini? Kisha nikafikiria lile paja la mzee. Nikaingia ndani, nikafunga pazia zito la kitenge, nikalibana pembeni kwa pini za nguo ili upepo usilifunue. Nikamwambia mzee kuanzia kesho chakula kitatoka dirishani, atulie.

"Kitaletwa na nani?"

"Na dirisha."

Akaelewa. Ni mtu mwenye akili.

Dirisha letu lina nondo, sahani haipiti. Kwa hiyo mkwe alikuwa akiepua chapati, anaikunja kama mkeka, anaifunga nusu kwa jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto likalainika, anaisukuma katikati ya nondo chini ya pazia. Siku ya kwanza mimi nilikaa kitandani pembeni ya mzee. Tukauona mkono. Mkono mwembamba, una kovu la moto karibu na kidole gumba, umeshika jani na mvuke unatoka. Mzee aliutazama muda mrefu mpaka nikadhani atageukia ukutani. Vidole vikaanza kupokezana jani, maana chapati ilikuwa ya moto na yeye hawezi kuiachia.

Mzee akanyoosha mkono wake, akaichukua kwa upande wa jani.

Alikula yote. Akalamba mafuta kwenye kidole. Halafu akasema, akitazama pazia, "Ndaga." Ndiyo asante yetu. Hakusema kwa mtu, alisema kwa dirisha.

Mkwe haongei na baba mkwe. Lakini baada ya kidogo tukasikia mwiko umegonga kikaango mara moja, ti.

Basi ikawa hivyo. Mzee anaongea na dirisha, dirisha linajibu kwa kikaango. Asubuhi anasema, "Dirisha limeamka?" Ti. "Leo ndizi zimezidi, kuna harusi?" Ti, ti, na nasikia mtu anacheka ameziba mdomo. Kuna siku aliniambia mimi, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, kwamba huyu dirisha anapika kuliko mke wake. Nikamwambia basi akalale dirishani.

Alianza kula mbili, kisha tatu. Mkwe naye akawa anaongeza vitu kimyakimya. Siku moja dagaa waliotwangwa laini na kitunguu, chapati ya chumvi badala ya ndizi. Mzee aliyekataa samaki alikula akauliza kama kuna nyingine. Siku nyingine parachichi limepakwa ndani kama siagi. Njegere zilizopondwa zikawa za kijani, akasema amepewa nyasi tena, lakini hakurudisha.

Kisha wifi yangu akaja kumwona kaka yake. Huyu ndiye mkubwa wao, anatoka Tukuyu, na mila anazilinda kama shamba. Alifika bila taarifa, akapita nyuma kwanza kama kawaida yake ya kukagua, akamkuta mkwe amechuchumaa chini ya dirisha na mkono wake uko ndani ya nondo mpaka kiwikoni.

Mkwe aliuvuta mkono, chapati ikaanguka ndani, kitandani. Wifi alisimama ameshika kiuno.

"Kaka yangu mmemfunga?" akaniuliza mimi niliyetoka mbio. "Analishwa kwenye nondo kama mahabusu. Na anayemlisha ni nani? Mkwe wake. Nimekaa duniani miaka yote hii sijaona."

Mkwe alikuwa ameshapiga magoti, uso chini. Niliona mabega yake yameshuka. Alijua kama wifi akisema basi, ni basi. Na nilijua mimi kwamba kidonda kilikuwa kimeanza kushika, nesi alisema juzi yake, nyama nyekundu imeanza kupanda kutoka chini. Tukiacha sasa, tumerudi kwenye chai.

Nikasema, "Wifi, amemwona uso?"

"Mkono si mwili?"

"Nimekuuliza uso."

"Hajamwona."

"Mila inasema wasionane. Haikusema asishibe. Kama una magoti ya kukimbiza chapati kutoka jikoni mpaka kitandani kabla haijapoa, wewe kaa hapa, upeleke wewe. Mimi yangu yamekwisha."

Wifi alifungua mdomo. Kabla hajasema, sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya mzee, nayo ilikuwa na nguvu kuliko nilivyoizoea siku hizo.

"Dada, mahabusu hali vizuri hivi. Acha kelele, iliyoanguka nimeshaiokota."

Wifi alinuna, akakaa kwenye kigoda. Baada ya muda akasema ameona njaa, safari ndefu. Mkwe akamkunjia moja. Akaila polepole, akigeuza jani huku na huku, akauliza kilichomo. Nilipotaja soya akasema kule kwake soya wanalishwa kuku. Akaomba ya pili. Jioni alipoondoka alimwita mkwe pembeni ya uzio. Sikusikia aliyomwambia. Mkwe alirudi amebeba kichane cha ndizi ambacho wifi alikuwa amekuja nacho kwa ajili yangu.

Kidonda kilifunga polepole, kutoka chini kwenda juu, kama nesi alivyotaka. Siku alipotoa kitambaa na hakuweka kingine, alimpiga mzee kibao begani, akamwambia aanze kutembea, asiogope. Mzee akatembea mpaka sebuleni. Kesho yake mpaka mlangoni. Alikuwa anashika ukuta, anapumzika, anatukana ukuta, anaendelea. Kwa mkwe hatukubadilisha kitu, dirisha liliendelea, maana mapaja bado yalikuwa ya kuazima.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye bustani ya mboga naondoa magugu. Ukungu ulikuwa umekaa chini na baridi ya Julai inauma vidole. Mkwe alikuwa pale pale chini ya dirisha, ameshamimina rojo, anasubiri vitundu vikauke. Nikasikia kikohozi.

Hakikutoka dirishani. Kilitoka mlango wa nyuma. Kikohozi kikavu, kikubwa, kile cha zamani, ambacho tangu operesheni hatukuwa tumekisikia. Kuku walitawanyika.

Mkwe hakufikiri. Aliinuka akaruka tuta la mchicha, akaruka tuta la vitunguu, nami nimechuchumaa katikati nikainamisha kichwa, ndala moja ikabaki kwenye tope, akaingia migombani na mguu mmoja peku. Mara mlango ukafunguka na mzee akatoka na fimbo yake. Alisimama akashika tumbo kwa mkono mmoja, akasubiri kama litachanika. Halikuchanika. Akashuka ngazi, moja, nyingine, akafika kwenye jiko.

Chapati ilikuwa imeanza kutoa moshi pembeni.

Mwanaume yule hajashika kikaango tangu azaliwe. Alitazama migombani, akatazama huku kwangu, nami sikuinuka, nilitaka nione. Akaegemeza fimbo ukutani. Akainama taratibu, yeye ambaye miezi hiyo yote kuinama hakujua tena, akashika ukingo wa chapati kwa vidole, akaigeuza. Ilikunjika upande mmoja, akaunyoosha kwa kucha, akapuliza vidole. Akasubiri. Alipoona imeiva aliikunja vibaya bila jani, akaanza kuila pale pale amesimama, inamuunguza, anahema.

Huko migombani mtu alikuwa anacheka mpaka analia, au analia tu, sikuweza kujua, na sikwenda kuangalia.

Mzee akachukua fimbo yake. Akaiona ile ndala kwenye tope, imepinduka. Akaigeuza kwa ncha ya fimbo, ikakaa sawa, ikitazama jikoni.

"Mwambie arudi," akaniambia huku anatafuna. "Rojo linaharibika. Mimi nakwenda kukaa upande wa barabara."

Akazunguka nyumba polepole. Alipofika kona akakohoa tena, kumjulisha kwamba ameshapita.